Mkebe wa Rangi Nyekundu

Mtu yule nilimchukia kabla sijamwona uso. Nilichoona kwanza ni mkebe wake wa rangi nyekundu, na pale Malaba, miaka ile ya tisini, tuliijua kazi ya rangi nyekundu. Watu wa baraza la mji walikuja nayo wakapiga X kwenye kuta za vibanda vyetu, na baada ya siku chache trekta likafuata. Kibanda changu cha ugali na samaki, kilicholisha madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya forodha, kililazwa chini asubuhi moja tu.

Sasa nilikuwa nauza chai ya chupa upande wa pili wa barabara, nguo zangu zimeshafungwa kwenye gunia. Jumamosi nilikuwa narudi kwetu Rukala, basi. Na huyu hapa, amekaa juu ya kreti ya soda katikati ya vifusi vyangu, ananyoosha kalamu mbele ya jicho na kufumba la pili.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilijiambia kiwanja kimepata mnunuzi, na huyu ametumwa kukipima. Jirani yangu, muuza viatu vya mitumba, alishikilia kuwa ni mpelelezi, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda na hakununua kitu kwa mtu. Hilo la upelelezi sikuliamini. Mpelelezi gani anapeleleza sufuria? Maana nilimwona akiokota mfuniko wangu uliobondeka, akaugeuzageuza juani, kisha akaurudisha palepale alipoutoa. Mwizi angeubeba. Kule kuurudisha, kama mtu anayeorodhesha mali, ndiko kulikonitia hofu zaidi.

Ijumaa uvumilivu ukaniishia. Nilivuka barabara, nikamnyang'anya kile kipande cha plaiwudi alichokuwa amekiinamia, tayari kukivunjia gotini.

Kilikuwa kibanda changu. Si kile cha zamani, ni hichihichi kilichobomolewa: bati limekunjamana, ukuta wa buluu umebaki nusu. Kila siku nilipita hapo nikitazama pembeni. Kwenye plaiwudi ule ukuta ulikuwa mzuri, na nilikasirika kwamba ni mzuri. Nikaitafuta X. Ilikuwepo, lakini imefifia. Nyekundu yote alikuwa ameiweka chini, katikati ya mafiga yangu matatu. Ilikuwa makaa ya moto, na juu yake moshi.

"Nani amekuambia hapa kuna moto?" nikamuuliza.

"Nyabo, si umeacha mawe?" akasema, akiniita mama kwa lugha ya kwao. "Mwenye kuhama anang'oa."

Nikayatazama yale mawe. Kwetu Rukala mto ukishameza nyumba, maji yakishuka, mama yangu hakutafuta kitanda wala kabati. Alipapasa matope kwa miguu mpaka ayapate mafiga. Akiyakuta yamesimama anawasha moto papo hapo, nyumba itafuata. Asiyetaka kurudi huyang'oa mwenyewe kabla ya kuondoka. Nami nilikuwa nimefunga kila kitu kwenye gunia, hata mwiko, na mawe sikuyagusa. Mgeni alikuwa ameona jambo nililokuwa najifichia mwenyewe. Nilitaka kulia, nikamtukana badala yake.

Hakukasirika. Alisema picha ikikauka niichukue. Nikakataa, maana kitu cha bure mpakani kina mwenyewe.

Jumamosi gari la Busia, njia ya kwetu, liliita abiria, likajaa, likaondoka bila mimi. Nilivuka barabara na mzigo wa kuni, nikapiga magoti kwenye vifusi, jicho moja kwenye mafiga na jingine barabarani kama trekta linarudi. Nikawasha. Moshi ukamwendea usoni mchoraji, akahamisha kreti yake huku akikohoa. Nikamwambia picha yake ina kosa, kwamba asubuhi moshi wa hapa huelekea Uganda.

Akachukua brashi arekebishe. Mimi nikateleka maji ya ugali.