Kombe Kabla ya Mizani

Watu hudhani kazi yetu sisi wapiganaji wa kulipwa ni kupigana. Wapi! Kupigana ni robo saa, na mara nyingi hata hiyo haifiki. Kazi yenyewe ni njaa. Miaka minane nimetupa ngumi na mateke na kuangusha watu kwa mieleka ndani ya ulingo wa wavu, Mombasa, Nairobi, Kampala, hadi Dubai mara moja, na ukiniuliza nikumbukacho zaidi, si ngumi ya mtu yeyote. Ni sinia za biriani nilizozitazama zikipita.

Na mimi nikiwa na njaa sina adabu, nakiri. Wiki ya pambano nagombana na kila kitu, hata mlango usiofungika vizuri. Kwa hiyo kocha aliponiambia kwamba pambano linalofuata litakuwa Kismayo, na kwamba ulingo mzima utapelekwa kwetu kwa meli, nilifurahi kwa dakika mbili tu. Kisha nikakumbuka Kismayo ni mji gani. Kismayo ukikataa chakula cha mtu, umemtukana yeye na jiko lake.

Jambo la pili lililonitia hofu ni mama. Mimi nilizaliwa Mombasa, wazazi wangu wakiwa wamekimbia vita, lakini mji ulipotulia mama alirudi Kismayo na akaapa haondoki tena. Yeye asili yake ni kisiwa cha Chovai, na watu wa Chovai wakisema neno hawalirudi. Neno lake kwangu lilikuwa moja. Siku nilipomwambia kwamba nimeacha kupakia saruji na sasa ninalipwa kupigana, aliniuliza mara mbili kama nimesema kupigana. Halafu akasema, "Uso ameuumba Mungu, nawe wapokea pesa kuupiga. Fanya utakalo. Lakini radhi zangu usiniulize."

Sikumuuliza. Kabla ya kila pambano nilimpigia, tukazungumza bei ya samaki na magoti yake, na mwisho angesema, "Ukirudi mzima nipigie." Basi. Nilishinda mapambano kumi na moja hivyo, nikapoteza manne, na kila nilipoinuliwa mkono na refa nilisikia kitu kinakosekana. Wenzangu huwaambia watu mama zao wanawaombea. Mimi niliangalia pembeni.

Tulifika Kismayo siku nne kabla ya pambano. Kocha wangu ni mtu wa bara, mpole, hajui neno la Kibajuni wala la Kisomali, na masikini hakujua anachokabiliana nacho. Kufikia jioni ya kwanza chumba chetu cha hoteli kilikuwa na sambusa, mikate ya mofa, samaki wa kupaka, wali wa nazi na halwa ya kulisha harusi. Adhuhuri ile shangazi yangu alikuja mwenyewe na sufuria kichwani. Nikamwambia nimefunga.

"Kufunga gani huko, mchu yuatafuna barafu adhuhuri kweupe?" akasema, macho yote kwenye bilauri yangu.

Nikampandishia sauti, Mungu anisamehe. Shangazi yangu wa damu! Akaondoka akitangaza mtaa mzima kwamba Mombasa imeniharibu. Chakula chote alikula kocha, na kufikia siku ya tatu suruali yake ilikuwa haifungi, mimi nikimtazama kwa chuki ya kweli.

Uzito wangu ulitakiwa usizidi kilo sitini na moja. Mizani rasmi ilikuwa saa nane mchana, siku moja kabla ya pambano. Asubuhi ya siku hiyo nilipanda mizani yetu chumbani, ikasoma sitini na nukta tisa. Kocha akanikumbatia. "Sasa usiguse kitu," akasema. "Usinywe hata tone. Saa nane ikipita, kunywa bahari." Midomo yangu ilikuwa imekauka mpaka nikicheka inapasuka.

Saa tano mlango ukagongwa. Alikuwa mama.

Hakuwahi kukaribia mahali popote ninapopigania, kwa hiyo nilipomwona pale mlangoni nilidhani kuna msiba. Buibui lake lilikuwa limelowa chini. Alikuwa amekwenda kwao Chovai tangu juzi na kuondoka huko alfajiri kwa boti, na mkononi ameshika chupa ya lita moja, maji ya rangi ya manjano. Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Kwetu mtu akiwa na jambo zito, mwalimu wa Kurani humwandikia kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji na marashi, na maji yale huyanywa mwenye jambo lake.

"Mwalimu ameandika usiku kucha," akasema mama. "Nwa, babangu. Lote, lisibaki tone, kabla ya adhuhuri."

Kocha akaangalia chupa, akaniangalia mimi. Alielewa bila mkalimani. "Hapana," akasema. "Hapana, hapana, hapana."

Nikamsihi mama anipe ruhusa niliweke hadi saa nane. Akasema mwalimu amesema kabla ya adhuhuri. Nikamweleza habari ya mizani, kwamba lita moja ni kilo moja, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua, na nikizidi pambano linaweza kufutwa na miezi mitatu ya njaa yangu inaenda na maji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa kitandani, akaiweka chupa mapajani mwake, na akasema kwa sauti ndogo, "Kama huwezi, nitalirudisha."

Wallahi laiti angenifokea! Mimi na kufokewa tunajuana. Lakini nilimwona pale, amelowa, amevuka maji kwa ajili yangu baada ya miaka minane, nami nikajiambia, hizi ndizo radhi zenyewe, zimekuja kwenye chupa. Nikaichukua. Nikapiga bismillahi. Kocha aligeukia ukuta kama mtu anayeona ng'ombe wake akichinjwa.

Jamani, yalikuwa matamu! Siku mbili sijaonja maji, halafu maji yenye marashi. Nililinywa lote na nikalamba kifuniko.

Saa nane nikapanda mizani ukumbini mwa hoteli mbele ya watu, nikavua mpaka fulana. Sitini na moja na gramu mia nane. Mpinzani wangu, kijana wa Kampala, akatabasamu. Mwenye mizani akatangaza kwamba nina saa moja, na nisipofika, hakuna pambano. Nikamgeukia kocha ili anitukane, maana nilistahili, lakini hata kutukana alishindwa. Akanivalisha jaketi mbili na kunikimbiza ngazi za hoteli juu na chini. Sikutoka jasho. Mwili ulikuwa umeyashika yale maji kama mali ya urithi.

Mama alikuwa amesimama chini ya ngazi akinihesabia mizunguko bila kukusudia. Mzunguko wa sita akanishika mkono. "Acha upuzi huu," akasema. "Nani alikufundisha kutoa jasho kwa miguu?"

Akaingia jikoni mwa hoteli kama ni jikoni mwake. Akatoka na sufuria la maji yanayochemka na majani ya mwarubaini, akamtuma kocha akalete mablanketi, yote, hata ya wageni wengine. Akanikalisha kwenye kigoda, sufuria kati ya miguu yangu, akatufunika mimi na mvuke wake. Alikuwa akinipigisha nyungu, kama alivyonifanyia utotoni kila nilipopata homa. Dakika mbili tu, jasho likaanza kunichuruzika mpaka kwenye vidole vya miguu.

Nilikuwa humo gizani, naungua, ninasikia mkono wake ukibana blanketi begani kwangu, ndipo aliposema, "Mwanangu, kombe lile sikukuandikishia ushinde."

"Uliniandikishia nini?"

"Uuchukie mchezo huu. Moyo wako uutapike, urudi kwenye saruji."

Lo! Nilipandwa na hasira, nikataka kuibuka na sufuria lote. Nimeharibu kila kitu kwa ajili ya kombe la kunizuia! Akanikandamiza chini. Mkono wake una nguvu kuliko wa refa yeyote.

"Sasa mbona wanisaidia?" nikapiga kelele ndani ya mvuke.

"Kama ni kushindwa," akasema, "ushindwe na mwanamume mwenzio. Si na maji yangu."

Nikaanza kucheka, gizani, huku nakohoa mwarubaini. Nikasikia na yeye anacheka, na kocha, asiyejua lolote, naye anacheka kwa woga tu. Lakini habari ya radhi hakuitaja, nami nikaona si wakati wa kuomba kwa mtu aliyeshika maji ya moto.

Nilirudi kwenye mizani dakika tatu kabla ya saa kwisha. Sitini na moja kamili. Nilikunywa maji mpaka tumbo likalia, na usiku ule nikala sufuria zima la shangazi nikimwomba msamaha kwa kila tonge.

Kesho yake alasiri uwanja ulijaa. Mama alikaa upande wa wanawake, safu ya mbele, mtandio umefunika macho. Kila nilipotupa jicho kule, mtandio haujasogea. Kijana wa Kampala alikuwa mzuri. Raundi ya kwanza alinichapa mbavu mpaka nikaona aibu ya mji mzima. Raundi ya pili nikamwangusha, nikapanda mgongoni, nikaingiza mkono chini ya kidevu na kukaba. Akapiga sakafu mara tatu, ishara ya kusalimu amri. Uwanja ulilipuka! Mabibi wazima walipiga vigelegele, na shangazi akamwambia kila mtu kwamba ni wali wake.

Nilipita katikati ya watu mpaka kwa mama. Mtandio ulikuwa shingoni. Akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku, akaukagua kama samaki wa sokoni.

"Sikumpiga usoni, mama. Nilimkaba."

"Niliona," akasema. "Radhi zangu unazo."

Nikauliza, "Tangu sasa hivi?"

"Tangu jana, uliponwa lile kombe nawe wajua litakuponza."

"Basi mbona hukuniambia jana?"

Akanifuta shavu kwa ncha ya mtandio wake, maana nilikuwa nimeshaanza kulia mbele ya Kismayo yote.

"Jana," akasema, "hukuwa na maji hata ya kulia."