Wakio Aenda Hija Kwao

Kila mwaka mahujaji wa parokia walipotoka Voi kwa miguu kwenda Bura, shali za buluu walizojifunga mabegani zilikuwa kazi ya mikono ya Wakio, na kila mwaka Wakio mwenyewe alibaki na cherehani yake. Sababu hazikumwishia. Mara ana sare za shule za watu, mara mguu unamsumbua, mara mkanda wa cherehani umekatika. Mafundi wa nguo ni watu wa njoo kesho, njoo keshokutwa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Wanawake wa jumuiya walichukua shali zao, wakamuuliza ana nia gani wamwombee huko, naye akawajibu neno lile lile: afya.

Lakini Bura ni kwao. Alizaliwa chini kidogo ya misheni, na kaka yake mkubwa, Mwandawiro, bado anaishi katika boma la wazazi. Ni boma hilo ambalo Wakio alikuwa ameapa hatalikanyaga tena.

Mambo yalianza na ugonjwa wa mama yao. Mwandawiro ndiye aliyemtunza. Mke wake alikuwa ameshafariki, binti yake Shanice alikuwa kazini Nairobi, kwa hiyo alifanya kila kitu mwenyewe: alimpikia mama uji, akamlisha, akamwosha, akambadilisha nguo. Siku moja Wakio alikwenda kuwaona. Mama alingoja mwanawe atoke kukata majani ya ng'ombe, kisha akamshika binti yake mkono.

"Nipeleke kwako Voi," alisema. "Naona haya kuoshwa na mwanamume niliyemzaa. Lakini usimwambie. Anafanya kwa mapenzi, na ukimwambia utamvunja."

Wakio akakubali. Akamwambia kaka yake kwamba Voi hospitali iko karibu, akamchukua mama, na baada ya majuma machache mama akafia huko. Wakamrudisha Bura kumzika. Pale kaburini, mbele ya padre na majirani na watu wa ukoo wote, Mwandawiro akasema: "Mama alikuwa na nyumba yake. Wakio ndiye aliyemtoa akafie kwa nyumba ya kupanga."

Hilo si neno la kumwambia mtu, sembuse Mtaita, sembuse kaburini. Jibu Wakio alikuwa nalo, limefika mpaka kwenye ulimi, akalimeza kwa sababu alikuwa amemwahidi marehemu. Akaondoka kabla ya chakula cha matanga, akarudi Voi, na tangu siku hiyo usingizi ukamkimbia. Mchana alikanyaga cherehani huku akigombana na kaka yake kichwani, na kila mara alimshinda kwa hoja. Usiku walianza upya. Mwishowe presha ikapanda. Daktari wa kliniki alipomuuliza kama analala vizuri, alijibu, "Nalala, daktari," akapewa vidonge na kuambiwa apunguze chumvi.

Aliyemfumbua macho ni Nduku, Mkamba wa Kibwezi aliyeolewa Voi, muuza ndengu na kunde pembeni ya kibanda cha Wakio. Nduku hakuwa na haya hata kidogo na alikuwa rafiki wa kweli, na mara nyingi hayo mawili huenda pamoja.

"Mama Alvin," alisema mwaka huu alipokuja kuchukua shali yake, akimwita Wakio kwa jina la mwanawe, "mimi si daktari, lakini hiyo presha yako haitoki kwa chumvi. Twende Bura. Mimi nikitoka huko, mwezi mzima sigombani na mtu. Muulize mume wangu, yeye ndiye hunifungia mkoba."

"Nina sare za watu."

"Watoto wavae za zamani. Twende."

Sijui kwa nini safari hii Wakio alikubali. Labda alichoka kuwa na sababu. Alijiwekea sharti moja tu: atalala kwenye bweni la shule na wenzake, atapanda kilima cha msalaba asubuhi ya Jumapili, atasikiliza misa, atarudi. Bura ni kubwa, na mtu akitaka kutoonana na nduguye huko anaweza. Alichotaka kwa Mungu ni usingizi, basi, wala hakuona kama Mwandawiro anahusika.

Wakaondoka Ijumaa alfajiri, kina mama wengi na wazee wachache, Katekista Gibson akiwa mbele na kipaza sauti ambacho betri yake iliisha kabla ya jua kuwaka. Waliimba, wakasali rozari, wakala vumbi la malori ya Taveta. Palipokuwa na mavi mabichi ya ndovu barabarani, hata wale waliolalamikia miguu walipata mbio. Nduku alisema hiyo ndiyo imani anayoipenda.

Walipofika kwenye mashamba ya mkonge Wakio aligundua jambo. Tangu asubuhi hakuwa amegombana na Mwandawiro. Alijaribu kuanza, lakini jua lilikuwa kali, kisigino kimeanza kuvimba, na mama wa nyuma yake alikuwa anaimba vibaya kiasi cha kumfanya acheke. Akili haikupata nafasi. Alishangaa, akatembea kwa uangalifu, mithili ya mtu aliyebeba mayai, akiogopa utulivu huo usije ukamponyoka.

Ukamponyoka Mwatate. Walilala hapo katika ukumbi wa kanisa, na jioni Gibson alisimama kutangaza mahujaji watakaopokewa majumbani kule Bura, maana bweni halikuwatosha wote. Akafika kwake. "Mama Alvin, wewe utalala kwa kaka yako. Tumeongea kwa simu. Anakungoja."

Wakio alilirudia neno hilo moyoni. Anakungoja! Mwandawiro, aliyemwaibisha mbele ya ukoo, amepiga simu kumwita? Alimwendea Nduku akamweleza kila kitu, pamoja na siri ya mama, ambayo hakuwa amemwambia binadamu yeyote.

Nduku alisikiliza mpaka mwisho bila kuingilia, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Kisha akasema, "Kama amekuita, nenda. Ndugu wakipatana, chukua kapu ukavune. Na mkigombana, bweni liko pale, nitakuwekea nafasi."

Siku ya pili wakapanda. Kadiri milima ilivyosogea na hewa ilivyopoa, moyo wa Wakio ulipiga kwa hofu na kwa kitu kingine ambacho hakutaka kukiita tumaini. Aliyatengeneza maneno yote atakayosema, akayapanga vizuri. Walipofika kwenye njia panda ya misheni alimwona kaka yake amesimama kando ya barabara, amenyoa ndevu, amevaa koti lake jeusi la mazishi, na maneno yote yakamtoka.

"Umefika," alisema Mwandawiro.

"Nimefika, kaka. Shikamoo."

"Marahaba." Akampokea mkoba. Alikuwa amezeeka. Wakio hakuwa amejiandaa kwa hilo, maana yule aliyegombana naye kichwani hakuwa na mvi.

Nyumbani Mwandawiro alimletea beseni la maji ya moto, akamwekea kiti. Wakio akatumbukiza miguu. Juu ya meza palikuwa na jagi la maji ya miwa, mabichi, yamekamuliwa siku hiyo hiyo. Wakaketi kama wageni waliokutana hospitali.

"Nilifurahi," alisema Mwandawiro akiangalia mlango, "ulipoomba ulale hapa."

"Mimi?" Wakio aliinua kichwa. "Sikuomba. Niliambiwa wewe ndiye umeniita."

"Gibson alinipigia. Akasema dada yako anakuja kulala kwako."

Ikawa wazi kwa wote wawili. Gibson, mtu mwema, aliangalia watu wake, akaona mama mmoja ni mzaliwa wa Bura na ana kaka mwenye nyumba kubwa, akasema moyoni, huyu si wa kutafutiwa mwenyeji. Hakuna aliyemwambia kuhusu kaburini. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeita.

"Basi hukutaka kuja," alisema Mwandawiro.

"Na wewe hukuniita."

Wakio alitoa mguu mmoja kwenye maji. Mkoba wake ulikuwa karibu na mlango na bweni halikuwa mbali. Hapo ndipo ungemhurumia mtu. Alikuwa ametembea kutoka Voi, kisigino kimechubuka, na kilichobaki sasa kilikuwa kuvaa viatu.

"Lakini," alisema Mwandawiro kwa sauti ya mtu anayelalamikia ng'ombe, "miwa nimeshakamua."

Wakio akaangalia jagi. Akaurudisha mguu kwenye maji.

Alijua ni ya nini. Sisi Wataita tuna desturi ya kutasa, na wazee wetu walikuwa nayo kabla ya misheni kujengwa. Mtu akitaka kusafiri, kuoa, au kufanya jambo zito, nduguze hujaza kinywa maji ya miwa, wakayapuliza chini na kusema: kama nina hasira nawe, itoke, uende salama. Ni jambo rahisi. Ugumu wake ni mmoja tu. Huwezi kutasa ukiwa umeficha neno kifuani, maana hiyo ni kumdanganya nduguyo kwa kinywa kile kile unachombarikia.

"Kesho unapanda kwa msalaba," alisema Mwandawiro. "Haifai upande hivi." Akamimina kikombe, akajaza kinywa, akasimama. Alisimama muda mrefu, mashavu yamevimba, macho yamekuwa mekundu. Kisha akameza.

"Siwezi," akasema, akaketi. "Hata Shanice alipokwenda Saudia kufanya kazi nilishindwa. Ameenda hivyo hivyo. Nitatasaje na bado nina neno juu ya mama kifuani?"

"Liseme."

"Kwa nini ulimtoa?"

Wakio alifunga macho akamwomba mama yake msamaha. Kisha akasema. Alilisema polepole bila kulipamba: kwamba mama mwenyewe ndiye aliyeomba, siku ile Mwandawiro alipokuwa anakata majani ya ng'ombe, kwamba aliona haya kuoshwa na mwanawe wa kiume, kwamba mama alikataza mwanawe asiambiwe ili asivunjike.

Mwandawiro hakuvunjika. Alikaa mikono juu ya magoti, akaigeuza, akaangalia viganja kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Haya," alisema. "Ilikuwa haya tu?"

"Haya tu, kaka."

"Mimi nilidhani nilimwosha vibaya. Nilidhani nilikuwa namuumiza nikimgeuza, akanyamaza, halafu akaikimbia mikono yangu. Miaka yote hii, Wakio. Pale kaburini nilikusema wewe ili watu wasiniangalie mimi."

"Alikuwa anaisifu mikono yako. Nikimharakisha ananiambia, mwenzio anaosha mgongo taratibu." Na hilo lilikuwa kweli tupu, lilimuuma Wakio wakati ule, na sasa alifurahi kwamba lilimuuma, maana ndiyo sababu alilikumbuka.

Mzee akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na dada yake akalia naye, miguu ikiwa bado ndani ya beseni na maji yameshapoa. Walipomaliza, Mwandawiro alijipangusa kwa mkono wa koti, akajaza kinywa tena, na safari hii hakusita. Akapuliza. Maji ya miwa yakatapakaa sakafuni. "Itoke," akasema. "Yote. Ukae salama, ulale salama." Wakio naye akajaza kinywa, akapuliza, mengine yakamwagikia shali yake ya buluu, na wote wawili wakaanza kucheka bila sababu ya maana.

Wakala ugali na kuku. Wakazungumza kuhusu Shanice, Mwandawiro akasema atampigia simu Jumatatu na kumtasia huko huko aliko, Mungu atajua namna ya kuyafikisha. Jua halijazama vizuri, Wakio akasema ataegesha mgongo kidogo.

Alipofungua macho, jua lilikuwa limejaa dirishani na kuku wameshatawanyika uani. Nje alisikia kuimba. Alidhani ndio wanaanza kupanda, akaruka kitandani, akatafuta viatu, akatoka mbio na shali mkononi. Mahujaji walikuwa wanashuka. Nyuso zao ziling'aa, wengine walikuwa wameshaanza kuulizana habari ya chai. Misa ilikuwa imesaliwa juu kule kwenye msalaba, ikaisha, na baraka ya mwisho ikatolewa. Nduku alipita, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, alama za mto zikiwa bado shavuni, akapiga vigelegele bila kusimama.

Wakio alimgeukia kaka yake aliyekuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, fimbo magotini.

"Kaka! Nimetoka Voi kwa miguu kwa ajili ya misa hii. Mbona hamkuniamsha?"

"Walikuja," alisema Mwandawiro. "Gibson alikuja, na yule rafiki yako Mkamba akaja. Nikasimama hapa mlangoni nikawakatalia. Mungu akikasirika, aje aniulize mimi."