Whiski ya Moshi Aliyoleta Mchumba Wangu

Baba yangu ni mtu mbaya. Nalisema mapema ili msije mkamhurumia kwa sababu ya mvi zake. Siku mchumba wangu alipokuja kwetu Malinya kujitambulisha, baba aliketi sebuleni na ndugu zake wawili, na kabla chai haijamiminwa walikuwa wamekwisha kuvicheka viatu vya mgeni.

Mchumba wangu alikuwa mlokole, pombe hajaigusa maishani. Lakini alijua baba anapenda kali, basi akaingia duka la pombe mjini Kakamega akaomba ile ya heshima kuliko zote. Akapewa whiski ya Uskochi, ambayo shayiri yake hukaushwa kwa moshi.

Kwetu anayeleta pombe huonja kwanza, wazee wakimkodolea macho, ndipo ijulikane haina sumu. Hilo nalo alilijua. Aliniambia Mungu atamsamehe funda moja.

Funda lenyewe likamshinda. Moshi ulimpanda puani, akapaliwa, akalitema lote sakafuni, mbele ya miguu ya baba. Afadhali angemtukana.

"Wewe kijana," baba akasema polepole, "kitu imeshinda mdomo yako, ndio unaletea mimi?"

"Samahani, baba. Ni moshi tu, haina..."

"Mtu wa sumu ananiitanga baba? Toka!"

Baba zangu wadogo walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba akamfungulia mlango mwenyewe. Nilimwambia palepale kwamba ana roho mbaya, akanijibu niende jikoni.

Nilikwenda na glasi ya mchumba wangu, na kwa hasira nikanywa kilichobaki. Kwanza moshi, kama wa nyama iliyoning'inizwa juu ya meko; kisha chumvi, na ladha ya mchuzi mzito ulioshika sufuria; mwishowe utamu mdogo usiotaka kuondoka ulimini. Sumu gani hiyo? Ilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio ulioniliza.

Sebuleni nikasikia chupa ikigonga glasi.

"Leta njugu!" baba akaita. "Hii kitu ni tamu sana."

Nilizipeleka. Chupa ilikuwa imefika nusu, na nyuso zao zinang'aa kwa furaha. Nilisimama pale na sahani mkononi, nikiwatazama wakinimalizia mume.