Siku mdogo wangu alipochukua numero kwenye kituo ninachofanyia kazi ya kusikiliza watu

Wakuu wa jukwaa, salamu kutoka Goma. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika lililonipata mwenyewe, bila chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni wa kwanza kati ya watoto wanne. Kwetu ni milima ya Masisi. Baba aliuawa tungali kule, tukakimbia na Mama hadi kambi moja pembeni ya mji. Mama akafia hapo, ndani ya hema la turubai, kwa homa ya siku tatu.

Saa ile anakufa mimi nilikuwa kwenye foleni ya maji. Aliyekuwa naye ni mdogo wangu Neema, wa miaka kumi na mmoja. Nilirudi na bidoni la maji mgongoni nikakuta majirani wamejaa mlangoni.

Siku ya mazishi wamama wa kambi walinishika bega mmoja mmoja, wakaniambia mimi sasa ndiye mama. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikalichukua neno hilo kama sheria. Niliacha shule, nikawa nafua nguo za watu mtaa wa Kyeshero, na nyumbani nikaweka amri moja: hakuna kulia.

Neema akianza tu, "Yaya, siku ile Mama..." namkatiza.

"Kaza roho. Tukilia wote, nani atapika?"

(Wakuu wa Tanzania na Kenya, huku kwetu yaya ni dada mkubwa, si mfanyakazi wa ndani.)

Baadaye tulipata chumba Ndosho, na mimi nikapata kazi ya kudeki kwenye kituo kimoja cha afya. Chumba cha mwisho kilikuwa cha psychologue, yaani mtaalamu wa saikolojia, Mama Espérance, mtu wa upande wa Bukavu. Waliomsubiri walikaa kwenye benchi nje. Mimi nadeki, wao wananisimulia. Sikuwa na la kuwajibu, kwa hiyo nilikuwa nanyamaza na kuendelea kukamua tambara.

Mama Espérance aliliona hilo. Akaniingiza formation, yaani mafunzo, ya wasaidizi wa kisaikolojia, wale wanaokaa na mtu kwanza kabla hajafika kwake. Niliogopa kwa sababu ya shule yangu fupi. Akaniambia masikio hayaombwi diploma.

Kazi yenyewe iko hivi. Viti tunaviweka upande upande, si uso kwa uso, ili mtu aangalie dirisha akitaka. Siku ya kwanza hatuandiki, kwa sababu huku mtu akiona kalamu anadhani anaandikishwa msaada, na anaanza kukuambia unachotaka kusikia. Hatumwambii avumilie. Akilia, tunakaa hapo hapo.

Hilo la mwisho lilinishinda. Mama mmoja alilia mbele yangu, mdomo wangu ukasema "kaza roho" kabla sijajua. Mama Espérance, aliyekuwa amekaa pembeni kunifundisha, hakunionea huruma: "Weye uko nafanya kama polisi wa magari ku rond-point. Machozi ya mutu unasimamisha na mukono?" Tulicheka wote, hata yule mama.

Nikajifunza. Baada ya miaka miwili watu walikuwa wananiomba kwa jina. Kisha narudi nyumbani, na amri yangu iko palepale. Sikuona kosa. Kazi ni kazi, nyumba ni nyumba.

Alhamisi moja nilitoka nje kumwita mtu wa saba. Kwenye benchi, kati ya mzee mmoja na mama mwenye mtoto mchanga, alikuwa amekaa Neema. Alishafikisha miaka kumi na sita. Sare ya shule, kikaratasi cha numero mkononi.

Nilidhani kuna mtu amekufa. Nikamuuliza nani. Akasema hakuna.

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Niko nangoja numero yangu, Yaya."

"Si ungeniambia nyumbani?"

Hakupandisha sauti. "Kule nyumbani hakuna fasi ya kulia."

Yule mzee akaangalia miguu yake.

Nilitaka kumshika mkono nimwingize chumbani kwangu. Lakini kanuni yetu ni kwamba humsikilizi ndugu yako, na kilichosemwa ndani hakitoki. Nilikuwa nimeitia sahihi. Nikampeleka kwa Mama Espérance, nikafunga mlango nikiwa nje.

Nikakaa pale alipokuwa amekaa. Kupitia ukuta wa mbao nilisikia analia. Nimesikia vilio vingi kwenye kituo kile, wakuu. Hicho kilikuwa kimengoja miaka mitano. Maneno sikuyasikia, na sikusogeza sikio.

Alitoka macho yamevimba. Tukatembea hadi nyumbani juu ya yale mawe meusi ya volkano.

Kesho yake nilimuuliza Mama Espérance jambo moja tu: kama Neema alimwambia Mama aliniachia neno lolote. Akanijibu:

"Mwanangu, hiyo ni ya Neema."

Jumapili, tukiwa wote wanne tunachambua maharagi, niliwaambia amri nimeiondoa na nilikosea kuiweka. Nikasema na mimi namkosa Mama. Nikalia vibaya, makamasi na yote. Neema akanipokea ungo, akaendelea kuchambua.

Huu ni mwaka wa pili. Anasoma, anakula, anacheka na wenzake. Lakini kuhusu saa ile Mama anakufa hajaniambia, na mimi siulizi. Aliniletea habari hiyo mara nyingi akiwa mtoto, nikamfukuza nayo. Akisema, nitakaa nimsikilize. Asiposema, nitaishi bila kujua Mama alisema nini mwisho, na sitamlaumu.

Funzo langu ni hilo. Kama wewe ndiye mkubwa kwenu, na kuna mdogo wako anayeanza sentensi ile ile na kila mara unamkatiza, leo mwache aimalize.

Na nyinyi mliowahi kukatizwa kama Neema, niandikieni hapa chini, hata kwa hasira. Ni nini kilichofanya mkarudi kumwambia mkubwa wenu?