Sarafu Isiyoguswa na Moto

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hasa nikiona sarafu ya zamani imeshikwa na vidole vya mafuta. Hapa Isiolo wananijua: mwalimu mstaafu wa Kiarabu mwenye kioo cha kukuzia. Kwa hivyo jirani yangu, mama wa Kiborana, alipotoa salaam akiwa na mkufu wa sarafu za fedha kwa mkono wenye samli, nilimkaribisha huku nimekunja uso.

"Mwalimu, niondolee hii shida," akasema. Mjukuu wake alikuwa anaolewa. Kwao, sarafu za mkufu huyeyushwa zikawa bangili za bibi harusi, lakini moja haiguswi na moto: ile ambayo nyanya yake jirani yangu alianza nayo mkufu. Mama yake huyu jirani alifariki kule Merti kabla ya kumwonyesha ni gani. "Nikiichoma, mama nitamwambia nini ahera?" Akalia pale pale mlangoni. Hasira zangu zote zikaisha.

Nikazipanga mezani. Zote zilikuwa za Misri, na chini ya kila moja mwaka ule ule wa Hijria, 1293.

"Aa! Kumbe ni mapacha?"

Nikacheka. Huo, nikamweleza, ni mwaka ambao sultani wa Waturuki, aliyekuwa mtawala wa Misri wakati huo, alikalia kiti, na sarafu zake zote ziliuandika mpaka mwisho wa utawala wake. Umri wenyewe uko kwa ile namba ndogo ya juu, inayosema ni mwaka wa ngapi wa utawala wake. Nikasoma moja moja: thelathini na tatu, ishirini na tisa, mwishowe nikapata kumi. Moja tu ilinishinda, maana pale juu palikuwa na tundu.

"Ni hii, ndiyo kongwe kuliko zote," nikampa ile ya kumi, kifua mbele. Akaibusu.

Tukapeleka zilizobaki kwa fundi wa fedha nyuma ya soko. Alikuwa aking'oa vipete vya kuning'inizia, kisha anatia sarafu kwa chungu cha kuyeyushia. Akafika kwa ile yenye tundu.

"Hii haina kipete. Nani aliipiga msumari hivi? Wallahi, hii si kazi ya fundi."

Jirani yangu akaruka. "Ngoja! Usitie!" Nyanya yake, akatuambia, aliolewa malishoni, mbali na fundi yeyote, na sarafu yake ya kwanza babake aliitoboa kwa msumari juu ya jiwe. "Hiyo hadithi nimeisikia tangu utoto! Mbona sikuwahi kuangalia tundu?"

Akaichukua, akaifuta kwa shuka. Halafu akaitoa ile yangu ya kumi pindoni mwa shuka, akaitia chunguni kwa mkono wake mwenyewe. Sikufichi, iliniuma. Sarafu safi namna ile, maandishi yote yanasomeka!

"Usinune, mwalimu," akasema. "Hiyo ilizeeka kwa watu. Hii imezeekea shingoni kwetu."

Tuliporudi, bibi harusi akaigeuzageuza mkononi, akaniuliza ni ya mwaka gani. Nikamwambia ukweli, kwamba msumari ulipita pale pale ile namba ndogo ya mwaka ilipokuwa imeandikwa.

"Basi," akasema, na akapitisha uzi katika tundu hilo.