Anaogopa, Anaogopesha

Juzi kazini, mwenzangu kutoka Meksiko alinionyesha karatasi ya darasa lake la Kiingereza: vitenzi vya kuudhi watu, kuwahuzunisha, kuwaogopesha. Mimi shule niliiacha mapema. Sikuwahi kuiona karatasi kama ile. Nikakumbuka alasiri moja katika mji wa Columbia Heights, wiki tuliyomzika mama.

Ofisi ilinuka kahawa iliyoungua na makoti yaliyolowa theluji. Mama wa ustawi wa jamii aliniuliza mdogo wangu Daudi anaendeleaje. Daudi akanivuta mkono.

"Dada, mwambie naogopa. Mwambie nalala na wewe."

Mimi ndiye niliyejua Kiingereza. Nikasema, "He is frightening." Nilitaka kusema anaogopa. Sasa najua nilisema anaogopesha.

"Hata usiku?" aliuliza yule mama.

"Usiku ndiyo zaidi," nikajibu.

Aliandika kwa muda mrefu. Nilidhani anamhurumia.

Mimi nilipelekwa kwa familia ya kunilea, mji wa Roseville. Daudi alipelekwa mji mwingine, Blaine, kwenye nyumba isiyo na mtoto mwingine. Siku walipokuja kumchukua, aliniuliza mlangoni, "Dada, uliwaambia?"

"Niliwaambia," nikasema, nikamfunga zipu ya koti.