Tumba Zilizojaa Viatu

Bonaventure alianza muziki Lubumbashi, akinakili nyimbo za Kikuba kwenye santuri za baba yake, kwa Kihispania asichokielewa hata neno. Baadaye akaongoza okestra ya watu kumi na wawili yenye sheria moja: anayekosa mazoezi hapandi jukwaani. Vita vikawatawanya. Mwaka 1998 alikuwa Guangzhou, China, akinunua vitambaa soko la Zhongda kama Waafrika wenzake, lakini moyo ulikataa kuwa mchuuzi tu.

Akaunda okestra upya kwa wafanyabiashara, na hapo ndipo alipopata taabu. Felisia wa Mwanza aliimba jicho likiwa mlangoni, akimngoja fundi wake wa kushona. Rodrick wa Moshi, mpiga tumba, zile ngoma ndefu za Kikuba zilizo wazi chini, mwenye mkono wa baraka, aliheshimu kontena kuliko ahadi. Bonaventure alikaripia, akafunga, akasali. Mwaka mzima ulipita akibembeleza watu wazima.

Hatimaye meneja wa hoteli moja ya barabara ya Huanshi Zhonglu alikubali kuwasikiliza Jumamosi, saa tisa alasiri. Wakimridhisha, watapiga kila wiki. Bonaventure hakutaka kingine maishani. Saa nane sare zilikuwa zimenyooshwa na watu wote walikuwepo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Tumba hazikuwepo.

Rodrick alieleza bila haya kwamba Alhamisi alikuwa akifunga mzigo wa soko la viatu la Zhanxi, nafasi ikamwishia, akaziona tumba zimekaa tupu. Akazijaza viatu vya watoto, jozi arobaini, zikaenda na kontena. Alitegemea kuazima za kanisani, kumbe huko kulikuwa na harusi.

"Mzee Bona, sisi hatuachi kitu chenye uwazi kikae bure. Wewe mwenyewe unajua."

"Uwazi ule ndio uliokuwa unalia, Rodrick. Wewe ukauziba."

Walipiga hivyo hivyo. Meneja alisikiliza wimbo mmoja na nusu, mguu wake haukutikisika hata mara moja, kisha akainua mkono kwa adabu. Wiki iliyofuata alimwajiri mtu mmoja mwenye kinanda cha umeme.

Mwezi mmoja na nusu baadaye, Rodrick alileta habari kutoka Dar es Salaam. Viatu vimefika salama, hakuna jozi iliyopotea. Tumba zilipasuka wakati wa kushusha.

Bonaventure akamuuliza kama Jumanne atafika mazoezini.

Rodrick akasema itategemea mzigo.